Madoa ya Bafta

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekaa saa nne nzima kwenye kiti kisichozidi urefu wa ndoo, magoti yanagusa kidevu, nikitazama watoto kumi na tisa wakijifuta makamasi kwa mikono ya mashati yao. Nimenawa mara tatu tangu nirudi na bado nasikia harufu ya uji uliomwagika. Akh!

Daftari hili lilikuwa la kazi. Nimekuwa dobi miaka arobaini na moja, na kila jioni niliandika humu nguo ya nani imekuja na doa gani. Mgongo uligoma, nikastaafu, kurasa zikabaki. Basi nitaandika huu muhula, maana nisipousema mahali nitapasuka.

Mjukuu wangu ametimiza miaka minne. Nimemlea tangu ana miezi mitatu, mama yake aliporudi kazini. Tunamwita Bafta, kwa sababu siku aliyozaliwa nilimpokea kwa kipande cha bafta nyeupe nilichokifua mwenyewe mara saba. Toka siku hiyo hajawahi kuonekana mbele za watu na nguo yenye doa. Hata moja. Majirani wanajua.

Sasa wiki iliyopita binti yangu, ambaye ni mkunga na kazi yake ni kuamrisha watu wenye maumivu, akaniambia, "Baba, mtoto ana miaka minne hajui kufunga kifungo. Kikombe anashikiwa. Akiona mtoto mwenziwe anajificha nyuma ya suruali yako."

"Kwani mimi nipo wa nini?" nikamwambia. "Kifungo namfunga mimi. Kikombe namshikia mimi."

"Ndiyo hicho ninachokisema."

Kumbe alishaamua. Bafta aende chekechea muhula mmoja. Akishindwa kukaa darasani peke yake mpaka muhula uishe, atapelekwa kwa bibi yake mzaa baba, safari ya siku mbili kwa basi, kwenye nyumba yenye wajukuu saba, akakae huko alelewe na wenzake. Nikacheka. Binti yangu hakucheka.

Asubuhi Bafta amening'ang'ania shingoni kama kola, kwa hiyo mwalimu akaniruhusu nikae naye siku za mwanzo. Kabla sijaketi nikaenda kukagua choo. Sitaki kukieleza, nimetoka kula. Nikamnong'oneza Bafta sikioni, "Choo kile usikikanyage kabisa. Ukibanwa, jibane. Tutakwenda nyumbani." Akaitikia kwa kichwa. Mtoto msikivu.

Doa: hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Kuna binti wa fundi bomba, pua yake haina koki. Nimempa jina la Makamasi. Leo amekuja kumshika Bafta mkono, nikauwahi.

Doa: hakuna.

Ijumaa, 8 Machi

Wiki nzima sijaona kalamu wala ubao. Mchanga! Wamewekewa sanduku la mchanga, wanachota, wanamwaga, wanachota, wanamwaga. Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na kitu, ana udongo chini ya kucha zote kumi, na haoni haya kupeana mikono na watu. Nikamfuata.

"Mwalimu, samahani. Sisi tunawaleta watoto wafundishwe, ninyi mnawachezesha mchanga. Hata kuku anaparua mchanga, na hana cheti."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Babu, hebu mtazame yule."

Yule alikuwa Makamasi. Alikuwa anajaza kopo kwa kikombe kidogo, ulimi nje, kamasi limefika mdomoni.

"Jana alifikiri vikombe viwili vitajaza kopo," mwalimu akasema. "Juzi alifikiri kimoja. Leo amegundua mwenyewe kuwa ni vinne. Mimi sikumwambia."

"Na kamasi limeingia kwenye kopo."

"Limeingia, babu. Lakini vikombe ni vinne."

Nikarudi kitini. Mtu wa namna hiyo huwezi kubishana naye. Bafta alikuwa amekaa pembeni ya sanduku, mikono mapajani, anatazama tu, gauni limenyooka vile vile nilivyolipiga pasi. Nilijisikia fahari.

Doa: hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Uwanja wa shule umekuwa uji wa pili.

Leo ilikuwa udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto amepewa bonge, bichi, la kijivu, linanuka mtaro. Wakalikanda, wakalipiga, mmoja akalionja. Bafta akanyanyua mikono yake juu asiliguse, akanitazama. Nikatoa leso, nikaliondoa bonge lake mezani.

Mwalimu akaja akachuchumaa mbele yetu. Kwa upole, lakini nilijua nasemwa. "Babu, vidole vyake ni laini mno. Kukanda kunavipa nguvu. Vidole hivi ndivyo kesho vitashika penseli, vitafunga kifungo."

"Vidole vya mjukuu wangu vina kasoro gani?"

"Havina kasoro. Havijafanya kazi tu."

Nikatoka pale nimebeba leso yenye udongo mfukoni, suruali ikashika doa. Yangu mimi! Binti yangu aliona, akageukia ukutani nisimwone anavyocheka.

Doa la Bafta: hakuna.

Jumanne, 19 Machi

Mwalimu: "Bafta, utapenda kikombe chekundu au cha kijani?"

Mimi: "Chekundu."

Mwalimu: "Nimemuuliza Bafta, babu."

Mimi: "Na mimi nimekujibu."

Watoto wote wakatugeukia. Hata Makamasi aliacha kuvuta pua. Mwalimu akaniita mlangoni, akaniambia wiki mbili zimeshapita na Bafta hajatamka neno hata moja ndani ya darasa lile, si kwake, si kwa mwenzake. "Hajapata nafasi, babu. Akifungua mdomo tu, wewe umeshamaliza sentensi." Kuanzia kesho nikae nje barazani.

Nimetolewa darasani. Miaka sitini na nane, natolewa darasani na kabinti kenye udongo kwenye kucha.

Jumatano, 20 Machi

Barazani. Mvua ya upande. Bafta alilia dakika kumi, nimehesabu. Kisha kimya, nikashindwa kujua kipi kibaya zaidi.

Doa: hakuna.

Jumanne, 26 Machi

Barazani. Harufu ya jozi ishirini za viatu vilivyolowa si ya kuhadithia.

Doa: tone la maji ya rangi, nyuma ya kola. Nani kalirusha? Limetoka kwa sabuni ya mche, lakini nimekereka.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika taratibu.

Asubuhi mwalimu aliniambia, "Babu, leo rudi nyumbani. Njoo saa sita." Alisema Bafta siku hizi halii, na kuniona dirishani kunamfanya ageuke geuke. Binti yangu naye alishanipa onyo lake la mwisho jana: muhula unakatika, na mimi bado nalinda mlango kama askari. Basi nikaenda. Nikapiga pasi mapazia ambayo hayakuhitaji pasi.

Saa sita kasoro nikafika getini, wazazi wachache wamejikinga mvua pale. Nikaingia hadi mlango wa darasa, nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Pua yangu ni pua ya dobi, haidanganyiki. Bafta alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, peke yake, amenyooka, mikono mapajani, kama nilivyomfundisha. Watoto wamesogea mbali. Mmoja amejiziba pua. Nyuma ya gauni jeupe, na soksi, na kiti chenyewe, basi. Mwalimu alikuwa ndiyo anaingia na beseni la maji.

Nililipuka. Sikumbuki yote niliyoyasema. Nakumbuka "mnawaacha watoto waoze," nakumbuka "uchafu wenu," nakumbuka niliuliza kama hata kwao walilelewa hivi. Getini pale watu wakasikia kila neno. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini kwake na miwani mkononi.

Mwalimu alikuwa amesimama na lile beseni. "Nilimuuliza mara mbili," akasema. "Nilimuuliza, Bafta, unataka kwenda choo? Mara zote mbili akakataa kwa kichwa. Nilijua hataki. Kumbe..."

"Kumbe nini? Mtoto wa miaka minne anakataaje choo?" Mwalimu Mkuu akamuuliza, na wazazi wakatikisa vichwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumatatu ya kwanza. Sikioni.

Ningeweza kusema palepale, neno moja tu lingetosha. Badala yake nikamfunga Bafta kwenye koti langu, nikambeba, nikapita katikati ya watu, wao wakinipa pole. Nikazipokea zile pole.

Nyumbani nikamsimamisha kwenye beseni. Hakulia. Alikuwa ananitazama usoni kama anayesubiri kuchapwa, na mimi sijawahi kumchapa. Nikammwagia maji ya kwanza, ndipo akasema, "Babu, nimechafua gauni. Nisamehe."

"Si kitu, mama."

"Nilijibana, babu. Nilijibana sana. Sikukanyaga kule."

Nimefua damu. Nimefua matapishi ya walevi na shuka za wagonjwa na ovaroli za mafundi magari. Hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama mimi mwenyewe nilivyojiona leo kwenye maji ya lile beseni.

Doa: limetoka. Gauni ni jeupe pe. Nililifua mara tano, mara nne kati ya hizo halikuwa na kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Binti yangu alikwenda shuleni jana na sare zake za kazi, akamkung'uta mwalimu kwa maneno mpaka Mwalimu Mkuu akafunga dirisha. Wazazi watatu zaidi wameandika malalamiko. Kikao ni Ijumaa ijayo. Wanasema mwalimu atamwaga unga.

Kisha jioni akaketi mbele yangu. "Baba, ulikuwa unasema kweli, shule ile ni jalala. Sitasubiri hata muhula uishe. Likizo yangu inaanza tarehe ishirini, nampeleka kwa bibi yake."

Nikasema, "Haya." Yaani nikasema haya! Ningempiga mtu mwingine aliyesema hivyo.

Doa: hakuna. Mtoto yuko nyumbani.

Jumamosi, 6 Aprili

Doa: hakuna.

Jumapili, 7 Aprili

Doa: hakuna. Nimechoka kuliandika neno hili.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ilikatika kama saa moja hivi, nikatoa nje beseni la maji ya buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, niloweke mashati. Nikaingia ndani kuchukua mashati. Kurudi, namkuta Bafta amechuchumaa pembeni ya beseni, amekunja mikono ya gauni mwenyewe, vibaya, mmoja juu mmoja chini. Ana kikombe changu cha chai. Anachota maji ya buluu, anamimina kwenye kopo la wanga. Anachota, anamimina.

Maneno yakanijaa mdomoni nimkaripie. Kikombe changu! Cha chai!

"Vinne," akasema.

"Nini vinne?"

"Kopo hili linataka vinne, babu. Kama la Makamasi." Amelichukua jina lile kwangu, mwenyewe haoni ubaya wake. "Nilimuuliza nikasema vingapi, akasema vinne. Akanipa nijaribu, nikamwaga kidogo. Akasema haidhuru, rudia."

Nikakaa kwenye kizingiti. "Ulimuuliza wewe? Kwa mdomo?"

"Wewe ulikuwa barazani," akasema, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Kisha akaniuliza, "Kikombe changu chekundu, sasa hivi nani anakitumia?"

Mtoto ambaye hakuwa anasema na mtu asiyelala chini ya paa hili. Amesema na mwenzake, ameuliza, amejibiwa, amekosea, ameambiwa arudie. Yote hayo mimi nikiwa nje nanusa viatu na kuhesabu dakika za kilio chake. Na huyo mwalimu aliyenitoa nje ndiye Ijumaa atakwenda kufukuzwa kwa kosa langu.

Nikisema, mwalimu anapona na mimi naumbuka. Tena binti yangu akijua ni mimi niliyemfanya mtoto ajibane, atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kumtoa mikononi mwangu. Nisiposema, basi tarehe ishirini. Kote kote nampoteza. Lakini njia moja kati ya hizi ina harufu.

Doa: buluu, kifuani na kwenye mkono wa kushoto. Buluu ni ngumu kutoka.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa anavua viatu, ametoka zamu. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Ulimwambia nini?"

Nikarudia. Asikikanyage. Ajibane.

"Baba." Aliongea polepole, kama anavyoongea na wanawake wanaojifungua mara ya kwanza. "Mwanangu alikaa kwenye kinyesi, watoto wamejiziba pua, kwa sababu wewe unaona kinyaa?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikaenda kumtukana yule binti wa watu mbele ya bosi wake. Na wewe umekaa hapo unakunja mashati."

"Ndiyo."

Akakiweka kiatu chini. Nilitamani anipigie kelele. Akasema tu, "Ijumaa utasema wewe mwenyewe. Mimi sikusemei." Akaingia chumbani.

Doa: sina hamu.

Ijumaa, 12 Aprili

Kikao kilifanyika darasani, kwa hiyo watu wazima tulikaa kwenye vile viti vya urefu wa ndoo, na ukimwona mtu mnene ameketi pale huwezi kumwogopa tena. Mwalimu alikuwa pembeni. Amesugua kucha zake zikawa safi. Sijui kwa nini, lakini kuziona zile kucha safi kulinikera kuliko zilipokuwa na udongo.

Mwalimu Mkuu akasoma malalamiko. Langu, lile nililolipayuka siku ile, lilikuwa la kwanza. Nikasimama, mgongo ukalia.

"Hilo la kwanza ni la uongo," nikasema. "Si uongo kwamba mtoto alijichafua. Uongo ni kumlaumu asiyehusika. Mimi ndiye niliyemkataza mjukuu wangu kuingia chooni. Siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia ajibane mpaka nyumbani. Mwalimu alimuuliza mara mbili, mtoto akanitii mimi."

Watu wakageukiana. Kisha minong'ono.

"Mbona hukusema siku ile, mzee?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Niliona haya. Na watu walikuwa wananipa pole."

Fundi bomba, baba yake Makamasi, akaangua kicheko kule nyuma. "Mzee, kwani kwako choo kinanukia manukato?" Watu wakacheka, na mimi nikasimama pale nikachekwa. Nilistahili.

Lakini mtu hawezi kuikana asili yake. Nikasema, "Mnicheke, sawa. Ila choo kile ni kichafu. Pale sikusema uongo. Nimekiona kwa macho yangu, ni aibu kwa kila mzazi aliye humu, maana wote mnaziba pua mkipita na hakuna aliyeshika brashi. Mimi nikiwemo. Nipeni brashi na maji."

Fundi bomba akaacha kucheka. Akasema bomba la pale limeziba tangu mwaka jana, na anajua, na hajawahi kulishughulikia. Akainama kutazama viatu vyake.

Mwalimu hakufukuzwa. Nilipokuwa natoka alinifuata mlangoni. Nilidhani atanishukuru, nikawa natafuta maneno. Akasema, "Babu, ulinipaka matope mbele za watu."

"Nilikupaka."

"Nilikuwa silali." Akanitazama kidogo. "Jumatatu mlete Bafta. Kikombe chake bado kipo."

Na binti yangu njiani akasema, bila kugeuka, "Mpaka mwisho wa muhula. Akae asubuhi nzima bila wewe, aombe choo mwenyewe, aende mwenyewe. Akiweza, anabaki hapa. Asipoweza, baba, basi tena, usinililie."

Jumatatu, 15 Aprili

Nimefika saa moja kamili kabla ya watoto, na brashi, sabuni, chumvi na ndimu. Nilitapika mara moja. Haya, mara mbili. Fundi bomba naye alikuwepo na bomba lake la kuzibulia. Kilichotoka mle sikiandiki. Alipomaliza akanipa mkono na nikaupokea, mkono ule ule! Nilinawa mpaka ngozi ikawa kama ya maharage yaliyolowekwa.

Kisha nikamshika Bafta mkono tukaenda kukiona pamoja. "Babu alikosea," nikamwambia. "Hiki unaweza kukikanyaga." Akatazama ndani. Akanitazama mimi. Hakuingia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nasugua kila siku. Watoto wananiita Babu wa Choo. Miaka arobaini na moja nimesifiwa kwa kola na mikunjo ya suruali, leo cheo changu ni hicho.

Bafta hajaingia. Anasubiri nyumbani. Anatembea amebana miguu njia nzima.

Doa: udongo kwenye pindo. Rangi ya kijani. Uji. Matatu kwa siku moja!

Jumatatu, 22 Aprili

Hajaingia.

Doa: udongo, udongo, udongo.

Jumatatu, 29 Aprili

Hajaingia. Mvua haijakatika siku nne, nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu. Binti yangu haniulizi, ananiangalia tu. Ameanza kutaja nauli ya basi.

Amenyang'anywa mpira na mtoto mmoja leo, mwalimu alinihadithia. Mimi ningemnyang'anyia urudi. Bafta kasema, "Ukimaliza, mimi." Akasubiri. Akapewa. Sikujua kama hilo nalo ni la kujifunza.

Jumanne, 7 Mei

Hajaingia. Nimemuuliza mwalimu kama nimbembeleze, au nimwahidi kitu. "Ulishamwambia mara moja kuwa ni salama, babu. Nyamaza sasa." Kunyamaza! Ningeambiwa nilambe sakafu ingekuwa nafuu.

Doa: nimeacha kuyahesabu baada ya sita.

Jumanne, 14 Mei

Sijui kama hili linahesabika. Makamasi alipokwenda choo, Bafta alimfuata, akasimama mlangoni kumlindia. Wakaongea muda wote, mmoja ndani mmoja nje, kuhusu paka. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo. Nikajiziba mdomo kwa mkono, na mkono wenyewe mnajua umetoka wapi.

Jumatatu, 20 Mei

Zimebaki siku nne. Hajaingia.

Ijumaa, 24 Mei

Siku ya mwisho. Mvua iliisha juzi, uwanja umeanza kupasuka juu na bado ni laini chini. Wazazi walialikwa saa tano. Binti yangu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, akakaa kwenye kiti kidogo, na nauli ya basi ilikuwa kwenye mkoba wake. Nilijua, kwa sababu aliniambia.

Mimi sikukaa. Wageni wengi maana yake choo kinachafuka, nikawa mle ndani na brashi yangu, nimepiga magoti. Nikasikia nyayo. Viatu vidogo vikasimama mlangoni.

"Babu, toka."

Nikageuka. Bafta, amebana miguu, uji kifuani, udongo mpaka viwikoni.

"Ngoja nikufungulie kifungo cha..."

"Babu! Toka bwana! Naweza mwenyewe."

Nikatoka na ndoo yangu. Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu. Mwalimu alikuwa amesimama uwanjani, amejaza udongo kwenye kucha zote kumi, na nyuma yake binti yangu. Kumbe Bafta alisimama katikati ya wazazi wote akasema kwa sauti, "Mwalimu, naenda choo," akatoka, na mama yake akamfuata asiamini masikio yake. Watu watatu wazima tukasimama tukisikiliza mlango wa choo. Maji yakamwagwa, mengi, pengine hata kwenye viatu.

Akatoka. Nilichokiona kwanza ni kifungo cha shingoni. Amekifunga mwenyewe, kwenye tundu la pili, gauni zima limekaa upande, bega moja juu bega moja chini. Vidole vyangu vikainuka vyenyewe. Nikavishika nyuma ya mgongo, mkono huu ukashika ule.

Binti yangu akainama akanyoosha mkono. "Njoo mama, nikuwekee hicho kifu..."

"Mwache," nikasema.

Akanitazama. Akaurudisha mkono. Kisha akafungua mkoba akatafuta leso, akashindwa kuipata, akajifuta macho kwa mkono wa shati la kazi. Kwa mkono wa shati!

Tulirudi nyumbani watatu. Bafta alipita katikati ya kila dimbwi lililobaki, akitusimulia habari za paka wa Makamasi. Kile kifungo kilinikera njia nzima, nakiri. Kilinikera getini, kilinikera dukani, kilinikera mezani. Kimelala naye hivyo hivyo mchana huu.

Doa: sikuangalia.